Wanaume Walioandikwa kwa Herufi Tatu

Machi 2013, bodi inayosajili mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Kenya ilimkatalia wakili Eric Gitari jina la shirika alilotaka kulianzisha. Alikuwa amepeleka majina kadhaa, yote yakibeba maneno “gay” na “lesbian”. Jibu lilikuja kwa barua: Kanuni ya Adhabu inaharamisha uhusiano wa aina hiyo, kwa hiyo majina hayo hayasajiliki.

Wakati barua hiyo inaandikwa, serikali hiyohiyo ilikuwa tayari na jina lake kwa wanaume haohao, na ililitumia kila siku. Mpango Mkakati wa Taifa wa Ukimwi wa 2009/10 hadi 2012/13 uliwataja miongoni mwa makundi yaliyo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi. Jina lenyewe lilikuwa herufi tatu, MSM, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Chini ya herufi hizo palikuwa na wahudumu, kondomu, vilainishi, na idadi ya watu wa kufikiwa. Jina walilojichagulia wenyewe lilinyimwa muhuri. Jina walilopewa na wataalamu likapitishwa, likachapishwa na kuombewa fedha kwa wafadhili.

Ilichukua miaka 10 kesi ya Gitari kufika mwisho. Mahakama Kuu ilimpa haki Aprili 2015, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Machi 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema kumnyima mtu usajili kwa sababu ya jina la namna hiyo ni kumnyima haki ya kujumuika. Kelele zilizofuata wasomaji wanazikumbuka: maandamano baada ya swala ya Ijumaa, mahubiri, wanasiasa kushindana kwa ukali. Herufi tatu za kliniki hazikuwahi kuleta maandamano ya kiasi hicho, ingawa zinawataja watu walewale.

Nadhani sababu ni kwamba herufi hizo hazisemi mtu ni nani. Zinasema alifanya nini.

Zilitengenezwa hivyo kwa makusudi, na makusudi yenyewe yalikuwa mema. Tarehe 5 Juni 1981, jarida la wiki la kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa lilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliougua homa ya mapafu ya nadra. Wawili walikuwa wameshafariki. Wote watano walitajwa kuwa wanaume wanaolala na wanaume. Miezi michache baadaye ugonjwa ukaanza kuitwa kwa jina lao, kana kwamba ni mali yao, hadi Septemba 1982 kituo hicho kilipoanza kutumia jina tunalolijua leo, ambalo Kiswahili kimelifanya ukimwi.

Lakini fikra ya mwanzo ilikuwa imeshaota mizizi, nayo iliua watu. Mabango ya kinga yalizungumza na mwanamume aliyejiita “gay”, anayeishi mtaa fulani na kwenda baa fulani. Mwanamume mweusi wa Chicago au Mlatino wa New York aliyekuwa na mke, anayekwenda kanisani na kukutana na wanaume kimyakimya, aliliona bango na kupita. Halikumhusu. Virusi havikumuuliza anajiita nani. Wahudumu na wanaharakati wa jamii hizo ndio waliodai lugha nyingine, ya kumfikia mtu kwa anachofanya bila kumlazimisha kuvaa jina lisilo lake. Kufikia 1990 maneno hayo yalikuwa yanatumika, na mwaka 1994 kifupi chake kikachapishwa katika maandishi ya kitaalamu. Mwavuli ulikuwa mpana: aliyejitangaza na aliyejificha, mwenye mke na asiye naye, mfungwa gerezani na msomi chuoni, wote walienea chini yake.

Barani Afrika mwavuli huo ulichelewa kufika. Kwa miaka mingi mipango ya ukimwi huku kwetu iliandikwa kana kwamba maambukizi yanapita kati ya mwanamume na mwanamke tu, na mama na mtoto wake. Wanaume hawa hawakuhesabiwa kwa sababu ilishaamuliwa kwamba hawapo. Senegal ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutazama: utafiti uliochapishwa 2005 uliwapima wanaume 463 na kukuta asilimia 21.5 wanaishi na virusi, katika nchi iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa kiwango chake kidogo cha maambukizi.

Halafu ikaja Mombasa. Mwaka 2006 watafiti walijaribu kuhesabu wanaume wanaouza ngono kwa wanaume mjini humo na viungani mwake. Waliwapitia katika maeneo yao, wakawapa alama ya kuwatambua, kisha wakarudi baadaye kuona ni wangapi kati ya waliokutwa mara ya pili walikwishaonekana mara ya kwanza, njia wanayotumia wanabiolojia kukadiria samaki ziwani. Makadirio yakawa wanaume 739. Mji uliokuwa ukiapa kwamba jambo hili ni la watalii ulipewa namba.

Mwaka uliofuata, kundi la watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, waliofanya kazi Mtwapa na Mombasa wakiongozwa na Eduard Sanders lilitoa matokeo ambayo hadi leo naona hayajasomwa inavyostahili. Walikuwa na wanaume 285. Kati yao 114 walisema hulala na wanaume tu, na asilimia 43 ya hao walikuwa na virusi. Waliobaki, 171, walisema hulala na wanaume na wanawake pia. Kati yao waliokuwa na virusi ni asilimia 12.3.

Zisome tena namba hizo. Wote 285 ni MSM. Kwenye fomu wanaingia safu moja. Lakini mmoja yuko katika janga ambalo karibu nusu ya wenzake wameshaambukizwa, na mwingine yuko pengine kabisa, na nyumbani kwake yuko mwanamke ambaye hakuna fomu iliyomtaja. Mwavuli uliobuniwa ili kila mtu aonekane ulikuwa umewaficha watu wawili tofauti kabisa, na mke wa mmoja wao. Kama watafiti hawa wasingeuliza swali la pili, taifa lingebaki na wastani usiofanana na mtu yeyote.

Pwani ya Afrika Mashariki haikukosa majina yake. Mwanaanthropolojia wa Marekani Deborah Amory alipoandika mwaka 1998 kuhusu watu hawa, aliweka katika kichwa cha habari maneno matatu aliyoyakuta huku: mashoga, mabasha na magai. Hilo la mwisho linanigusa, maana neno la Kiingereza limepewa wingi wa Kiswahili kama embe na maembe, likaingia mtaani bila kusubiri kamusi wala kibali. Shoga, kwa upande wake, ni neno ambalo wanawake wa pwani wanaitana hadi leo kwa mapenzi ya urafiki, na mwanamume akirushiwa barabarani linageuka jiwe. Dar es Salaam, watafiti wa Oslo wakishirikiana na Muhimbili walikuta jina jingine, mchicha mwiba. Hakuna ofisi iliyolitunga. Kila jina kati ya haya lina umri wake, mtaa wake na daraja lake, na mengi yanabeba swali la nani ni nani katika uhusiano, nani anamlisha nani, nani anaonekana mwanamume mbele ya watu. MSM halijui lolote kati ya hayo. Limewaweka shoga na basha kapu moja, wakati wao wenyewe wasingekubali hata kidogo kwamba ni watu wa aina moja.

Mwaka 2005 Rebecca Young na Ilan Meyer waliandika makala katika jarida la afya ya jamii la Marekani wakisema waziwazi kwamba herufi hizi zina tatizo. Hoja yao ilikuwa kwamba neno linalotaja tendo peke yake linafuta mapenzi, jamii, urafiki na historia. Na kwamba hayo hufutwa zaidi kwa watu weusi na maskini, kwa kuwa kwao ndiko wataalamu huona tendo tu, huku Mzungu wa mjini akiruhusiwa kuwa mtu kamili mwenye utambulisho wake. Miaka mitano baadaye, jaribio kubwa la kimataifa la kidonge cha kuzuia maambukizi, lililowashirikisha watu 2,499 katika nchi sita zikiwemo Peru, Brazil, Thailand na Afrika Kusini, lilitangaza kwamba kidonge kinapunguza maambukizi kwa asilimia 44. Habari njema kweli. Ila takwimu zilipochambuliwa upya, ilionekana kwamba washiriki 339 walikuwa wamezaliwa wakaandikwa wavulana lakini wanaishi maisha yao kama wanawake, na kwa kundi hilo kinga haikuonekana, kwa sehemu kubwa kwa kuwa wengi hawakuwa wakimeza vidonge kwa utaratibu. Walikuwa wamehesabiwa chini ya mwavuli usio wao, na hakuna aliyewauliza wao wanahitaji nini ili dawa iwasaidie.

Kuna mtu mmoja ambaye hadithi yake inanirudia kila ninapowaza habari ya nani ampe nani jina. Karl Heinrich Ulrichs alizaliwa 1825 katika ufalme wa Hanover, akasomea sheria, akaacha kazi ya serikali baada ya siri yake kuanza kunong’onwa. Mwaka 1864 alianza kuchapisha vijitabu kwa jina la bandia, na ndani yake akajitungia neno, Urning, alilolichota kwa mungu wa kike wa Kigiriki anayetajwa na Plato anapozungumzia upendo. Kabla yake sheria ilikuwa na neno la kosa na kanisa lilikuwa na neno la dhambi. Yeye alitaka neno la mtu, la aina ya binadamu aliyezaliwa hivyo.

Tarehe 29 Agosti 1867 akapanda jukwaa la ukumbi wa Odeon, mjini Munich, mbele ya mamia ya wanasheria wa Kijerumani waliokuwa kwenye kongamano lao. Alikuja kudai sheria zinazowafunga watu kama yeye zifutwe. Baadaye aliandika kwamba moyo ulikuwa ukimdunda kifuani alipokuwa akipanda. Hakufika mbali. Ukumbi ulipoelewa anachosema, wengine wakapiga kelele anyamaze, wengine wakataka aendelee kwa Kilatini ili masikio ya watu yasichafuke, naye akateremka bila kumaliza. Mwaka uliofuata akaanza kuchapisha kwa jina lake halisi.

Neno lake halikudumu. Lililodumu ni la mwandishi aliyekuwa akiandikiana naye barua, Karl Maria Kertbeny, ambaye mwaka 1869 alilitumia neno “homosexual” katika vijitabu vya kuitaka Prussia ifute sheria hizo. Nalo lilianza kama silaha ya utetezi. Madaktari wakalichukua, na kufikia kitabu maarufu cha Richard von Krafft-Ebing cha 1886 jambo lenyewe lilikuwa limeshakuwa ugonjwa wa kuorodheshwa pamoja na magonjwa mengine. Sheria ambayo Ulrichs aliihofia ikaenezwa Ujerumani nzima, ikawafunga maelfu, Wanazi wakaitumia kuwapeleka wanaume kambini, na haikufutwa kabisa hadi 1994. Ulrichs alifia Italia mwaka 1895.

Ninamtaja kwa sababu yeye alijipa jina huku akijua gharama yake. Wanaume wa Mtwapa hawakuulizwa kama wanalitaka jina walilopewa, na gharama waliilipa vilevile.

Mtwapa ni mji mdogo kando ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, wenye baa, wageni na misikiti. Februari 2010 uvumi ulienea kwamba wanaume wawili wanataka kuoana hapo. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo pamoja, waliita waandishi wa habari wakalaani, na kituo cha KEMRI kilichokuwa kikitoa matibabu na ushauri kikatajwa kuwa maficho yao. Ijumaa tarehe 12 mamia ya watu walikizunguka kituo. Baadhi ya wanaume walipigwa. Polisi waliwachukua wengine, kisha wakawaachilia bila mashtaka. Jengo lililokuwa na daftari za wagonjwa, friji ya sampuli za damu na dawa za kufubaza virusi ndilo lililogeuka shabaha. Hapo herufi hazikumkinga mtu. Umati haukuwa na haja ya kujua tofauti kati ya tendo na utambulisho, ulijua mlango.

Kilichotokea baadaye hakipewi nafasi magazetini. Watafiti hawakuhama. Walirudi kwa masheikh na wachungaji, wakaandaa semina ndogo, wakawakalisha viongozi wa dini meza moja na wanaume wenyewe wazungumze. Si wote waliobadili msimamo kuhusu dhambi, na sidhani hilo ndilo lililokusudiwa. Wengi walitoka wakisema kwamba mtu hapaswi kupigwa wala kunyimwa dawa. Jambo hilo lilifanyika kwa sababu mtu alikaa mbele ya mtu, akiwa na mama yake, kazi yake na imani yake. Hakuna kifupi ambacho kingeweza kulifanya.

Tanzania imepita njia nyingine. Huko bara adhabu ya kisheria ni kali zaidi, kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha, wakati Kenya ni miaka 14. Hata hivyo utafiti wa Zanzibar wa 2007 uliwafikia wanaume 509 na kukuta asilimia 12.3 wanaishi na virusi, na kwa miaka kadhaa huduma kwa makundi maalumu zilikuwa zikitolewa bila makelele. Mwaka 2016 vilainishi vikapigwa marufuku kwa hoja kwamba vinahamasisha ushoga, na Februari 2017 vituo 40 vya huduma rafiki kwa makundi hayo vikasitishiwa huduma hizo. Ndipo ilipoonekana udhaifu wa kujificha nyuma ya istilahi. Huduma iliyotolewa kwa lugha ya takwimu, bila kutetewa vya kutosha hadharani kuwa ni haki ya mgonjwa, ilizimwa kwa tamko.

Pigo kubwa kuliko yote lilitoka mbali. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, pamoja na fedha zilizobeba sehemu kubwa ya vita dhidi ya ukimwi Afrika Mashariki. Baadhi ya huduma zikaruhusiwa kuendelea, lakini mwongozo wa mwanzoni mwa Februari ulisema vidonge vya kuzuia maambukizi kwa fedha hizo vitolewe kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kwa sentensi moja ya ofisini, herufi tatu zilifutwa. Kenya, vituo vingi vya huduma rafiki vilifunga milango, waelimishaji rika wakapoteza kazi, na serikali ikaharakisha kuzihamishia huduma za virusi kwenye vyumba vya kawaida vya wagonjwa wa nje.

Wapo wanaosema kuunganisha huduma ni vyema, kwamba hakuna anayepaswa kuwa na mlango wake wa pembeni. Nakubaliana nao kwa nusu. Mlango wa pembeni uliwaweka watu hawa katika rehema ya mfadhili, na tumeona mwisho wake. Ila mwanamume aliyekuwa akimweleza mwelimishaji rika kwamba ana kidonda asichoweza kumwonyesha mtu, sasa atakaa kwenye benchi moja na jirani yake na shemeji yake, aitwe kwa jina kamili, aingie kwa muuguzi ambaye pengine alikuwa katika swala ile ya Ijumaa mwaka 2023. Asipoulizwa kwa heshima atasema ana malaria.

Hilo lina dawa, na imeshajaribiwa hapa hapa. Wahudumu wa afya wa Pwani ya Kenya waliwahi kupitishwa katika mafunzo kwa njia ya intaneti, yakifuatiwa na mazungumzo ya ana kwa ana: namna ya kuuliza maswali bila kuhukumu, namna ya kumpima mgonjwa wa aina hii, namna ya kutunza siri yake. Walipimwa kabla ya kuanza, wakapimwa walipomaliza, wakapimwa tena miezi mitatu baadaye. Ujuzi ulipanda na chuki ilishuka, na ilishuka zaidi kwa wale waliokuwa na chuki nyingi mwanzoni. Mafunzo hayo hayahitaji kituo maalumu wala safu mpya kwenye fomu. Yanaweza kutolewa kwa fedha za kaunti, katika chuo chochote cha uuguzi, kwa kila anayevaa sare ya hospitali ya umma, na huu ndio mwaka wa kuyaanza.